Chemchemi ya mwezi wa sita inajua maji ya mwezi wa kumi

Haya niliyaongea kwenye mkutano wa jumuiya za watumia maji huku kwetu Kilimanjaro. Kijana mmoja alirekodi kwa simu, nami nikakaa jioni mbili tatu nikayaandika, nimepunguza marudio na vikohozi lakini maneno nimeyaacha yalivyotoka, wataalamu wa lugha mnivumilie.

Wazee wangu shikamooni. Kina mama hamjambo. Vijana mambo vipi, nyie mliokaa huko nyuma karibu na mlango najua kwa nini mmekaa hapo.

Sasa jamani nianze na hii kitu. Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa simu yangu haitulii, anapiga mwenyekiti wa jumuiya hii, anapiga katibu wa ile, wote swali moja, mzee maji yanapungua tufanyeje? Na mimi najibu mwezi wa tisa hakuna cha kufanya zaidi ya kugawana kilichobaki, swali hili ulitakiwa unipigie mwezi wa sita. Mwaka fulani mmoja akanijibu, sasa mzee mwezi wa sita maji yalikuwa yanamwagika hadi barabarani, ningekuulizaje? Nikakaa kimya, kwa sababu ana haki yake kabisa. Hakuna mtu anayeuliza habari za njaa akiwa anakula.

Lakini hapo hapo ndipo penye neno langu la leo, sina lingine. Mwezi wa sita sisi hatujui, ila chemchemi inajua. Yaani pale kwenye jicho la maji, siku masika yakishakata, tayari imeandikwa mwezi wa kumi mtachota kiasi gani, kazi yetu ni kujifunza kuisoma tu.

Nani hapa ana simtanki nyumbani? Wengi, vizuri. Tanki likijaa, ukifungua koki ya chini maji yanaruka mpaka yanakulowesha miguu, si ndiyo? Likibaki nusu yanatoka kwa adabu. Likibaki robo yanachuruzika, ndoo unaiacha unaenda kupika unarudi haijajaa. Mama wa nyumbani hapandi juu ya tanki kuchungulia, anaangalia koki inavyotoa anajua humo ndani kumebaki nini na kama leo ni siku ya kufua au si siku ya kufua. Sasa mlima wetu ni simtanki, chemchemi ni koki, hiyo ndiyo sayansi yenyewe, mengine yote nitakayosema ni namna ya kuipima.

Twende juu kidogo. Watu wengi, hata wasomi, wanadhani maji yetu ni barafu ya kilele cha Kibo inayeyuka. Ukisikia redio kila siku barafu inaisha barafu inaisha basi watu wanasema barafu ikiisha na sisi tumekwisha. Barafu kweli inaisha, mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 12, mwaka 2011 ilishapungua chini ya 2, inaumiza kuangalia hasa sisi tuliokua tukiiona nyeupe mpaka chini. Ila piga hesabu na mimi. Chukua kilomita moja ya mraba ya barafu, itoe mita nzima ya maji kwa mwaka, hiyo ni mita za ujazo milioni moja, ukizigawa kwa sekunde za mwaka mzima unapata kama lita 32 kwa sekunde. Hiyo ni chemchemi moja ya wastani, basi, na hapo nimeikopesha barafu kwa ukarimu maana nyingine haiyeyuki kuwa maji, inapotelea hewani hivi hivi kwenye jua na upepo mkavu.

Maji yetu yako msituni. Upande huu wa kusini mvua kubwa kuliko zote hainyeshi kileleni wala huku kwetu vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani, inanyesha kwenye msitu, kwenye urefu wa mita kama 2,200 hivi, huko mwaka mzima unaweza kupita milimita 2,000. Na ardhi ya huko ni majivu ya volkano na mawe yaliyopasukapasuka, mvua ikidondoka haikimbii, inazama. Inashuka polepole ndani kwa ndani, inapita chini ya vihamba vyetu sisi tumelala, mpaka inakutana na tabaka gumu lisilopitisha, haina pa kwenda, inatokeza nje. Ndiyo hizo Nsere na Shiri zinazonywesha mji wa Moshi, ndiyo Chemka kule tambarare ya Hai ambayo wageni wanaiita chemchemi ya moto wakati haina moto wowote, maji ya vuguvugu tu, ukienda na yai la kuchemsha utarudi nalo bichi. Na mlima haujui mpaka wa nchi, upande wa pili ni maji yale yale yanayotokea Njoro Kubwa kwa ndugu zetu wa Taveta, na yale mabwawa ya Amboseli ambako tembo wanaoga kiangazi katikati ya vumbi. Moja ya mabwawa hayo Wamasai wanaliita Enkongo Narok, jicho jeusi. Waarabu nao jicho na chemchemi kwao ni neno moja, ain. Na sisi tunasema jicho la maji. Watu watatu hawakukaa kikao, lakini wote waliona kwamba pale ardhi inatuangalia.

Sasa kwa kuwa maji yanazama na kutembea polepole, chemchemi haikuelezi mvua ya jana. Inakueleza mvua ya masika yaliyopita na vuli ya kabla yake, na zile za chini kabisa tambarare zinabeba habari za miaka kadhaa nyuma. Mama mmoja wa huku juu aliwahi kuniambia mzee mimi nashangaa chemchemi yetu inaongezeka mwezi wa saba wakati mvua imekata mwezi wa tano, wenzake wakamcheka. Hakuna cha kucheka, aliona vizuri kuliko vitabu vyangu, maji yalikuwa njiani bado. Kwa hiyo kumbukeni hilo, usianze kuhesabu kushuka kabla chemchemi haijafika kileleni mwake, kila moja ina mwezi wake, na huo mwezi anaujua anayechota hapo kila siku, sio mimi niliyekuja na gari.

Tupime sasa. Kama chemchemi ni ndogo na imeshajengewa bomba la kutokea, ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha. Weka ndoo, bonyeza, ikijaa bonyeza tena. Sekunde 5 ni lita 4 kwa sekunde. Pima mara tatu uchukue wastani, maana kidole nacho kina uvivu wake.

Ikiwa maji ni mengi kuliko ndoo, tunatumia bati lenye mkato wa V, pembe ya nyuzi 90, fundi yeyote wa mageti anaweza kulikata, ila ukingo uwe mkali na liwe limesimama sawasawa, usiliegemeze kama mlevi kwenye ukuta. Unaziba mfereji maji yote yapite kwenye V na yadondoke upande wa pili kwa uhuru, hewa ionekane chini ya maji yanayodondoka. Kisha unasoma kina cha maji kuanzia ncha ya chini ya V. Sikilizeni hapa kwa makini, husomi pale pale kwenye bati, maji yakikaribia mkato yanainama, unarudi nyuma kama mara nne ya kina chenyewe ndio unasoma hapo. Kina kikiwa sentimita 5 inapita karibu robo tatu ya lita kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4. Sentimita 15 ni lita 12. Sentimita 20 ni karibu lita 25. Mmeona mchezo huo? Kina kimeongezeka mara mbili kutoka 10 mpaka 20 lakini maji yameongezeka zaidi ya mara tano. Kwa hiyo mtu akisoma 11 badala ya 10, sentimita moja tu, amekosea kwa robo nzima na zaidi, amekuongezea maji ambayo hayapo duniani.

Niseme na hili la daftari maana limeniumiza. Zamani kidogo, mahali nisipopataja, tulifunga bati zuri tukampa mtu daftari na kalamu na posho kidogo asome kila Jumatatu na Alhamisi. Baada ya miezi mitatu nikaenda kuchukua daftari, safi kabisa, limeandikwa kwa mwandiko mzuri, 12, 12, 12, 11.9, 12, kalamu moja rangi moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna hata doa la tope. Jamani, daftari la chemchemi lisilo na tope! Nikaenda kwenye chanzo nikakuta bati limezibwa na majani ya migomba, na buibui amejenga pale pa kusomea. Miezi mitatu ya kiangazi imeenda, na ndio ilikuwa miezi niliyokuwa naitaka. Tangu siku hiyo nikipewa kuchagua kati ya msomi na mama anayechota maji pale pale asubuhi na jioni, nachukua mama, na posho nampa yeye. Na siku hizi kuna simu, mtu anapiga picha ya rula ndani ya maji anatuma kwenye grupu la WhatsApp, tarehe na saa zinaonekana, uongo unakuwa kazi ngumu kuliko kusema kweli.

Haya, tumepata namba. Namba moja peke yake haina maana, ni kama kujua uzito wa mtoto siku moja tu. Utamu uko kwenye mfululizo.

Kiangazi, kama mvua hainyeshi na hakuna mtu anayechokoza, chemchemi haishuki ovyo. Inashuka kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe ni huu, kila mwezi inapoteza sehemu ile ile ya kilichobaki. Sio lita zile zile, sehemu ile ile. Mfaransa mmoja, Edmond Maillet, aliliandika kwa hesabu mwaka 1905, lakini mwenye simtanki alishalijua, tanki likijaa linashuka haraka, likikaribia kuisha linajivuta.

Nitoe mfano, huu ni mfano wa ubaoni tu msije mkasema mzee ameitaja chemchemi yetu. Mwisho wa mwezi wa sita mmepima lita 4.4. Mwisho wa mwezi wa saba mmepima lita 4.0. Imebaki asilimia 91, siyo? Basi zidisha hivyo hivyo kwenda mbele. Mwisho wa mwezi wa nane 3.6, wa tisa 3.3, wa kumi 3.0. Kwa ndoo za lita 20, mmetoka ndoo elfu 19 kwa siku mnaenda kwenye ndoo elfu 13, na hapo hakuna aliyewaibia, ni tanki linashuka.

Sasa weka watu. Kijiji cha watu 6,000, kila mmoja lita 50 kwa siku, ni lita 300,000, yaani mnahitaji karibu lita 3 na nusu kila sekunde, usiku na mchana, na tangi la kuhifadhia ya usiku. Angalia namba zetu, tunavuka chini ya 3 na nusu lini? Katikati ya mwezi wa tisa. Na mmelijua hilo mwisho wa mwezi wa saba! Mna wiki sita mkononi. Na mwaka wa pili ni tamu zaidi, kwa sababu mteremko wa chemchemi yenu mnao tayari kwenye daftari, ile asilimia 91 haibadilikibadiliki sana, ni tabia ya mawe yenu, kinachobadilika mwaka hadi mwaka ni pale inapoanzia. Kwa hiyo mwisho wa mwezi wa sita, siku mnapima 4.4, mnafungua ukurasa wa mwaka jana mnasema jamani, katikati ya mwezi wa tisa. Miezi miwili na nusu kabla. Mwaka mwingine mnapima 5.5, mnatabasamu, mwaka huu tunafika vuli salama. Mwaka mwingine 3.8, hapo mnaitisha mkutano wakati watu bado wana furaha na hawataki kuja, lakini mnaitisha.

Nilikuwa nasoma habari za bonde moja huko Marekani, Klamath, jimbo la Oregon. Nao wana ardhi ya volkano kama sisi, mlima wao mmoja ulilipuka miaka zaidi ya 7,000 iliyopita ukamwaga jivu na mawe mepesi kila mahali, mito yao mingi inalishwa na chemchemi. Wenzetu wana theluji, kwa hiyo tangu zamani wanatabiri maji ya kiangazi kwa kupima theluji mlimani, huko magharibi yao ni kazi ya miaka zaidi ya 100. Inafanya kazi vizuri sehemu nyingi. Ila kwenye mabonde ya chemchemi kuna mtego, theluji ya mwaka huu inaweza kuwa nzuri na mto ukatoka mdogo, kwa sababu miaka ya ukame iliyotangulia imekausha ghala la chini, na theluji ikiyeyuka ghala linakunywa kwanza kabla halijatoa. Ndio maana mwaka 2005 wataalamu wao wa jiolojia wakatoa kazi nzima ya kujaribu kuingiza hali ya maji ya ardhini ndani ya utabiri, usiangalie kilichoanguka tu, angalia na kilichokuwemo.

Na msidhani ni mambo ya vitabuni tu. Huko huko Klamath mwaka 2001 ukame ulibana, samaki walio hatarini wanalindwa na sheria, serikali ikafunga maji ya umwagiliaji kwa sehemu kubwa ya wakulima, mwezi wa nne, watu wameshajipanga kulima. Maelfu wakajipanga kwenye barabara kuu ya mji wa Klamath Falls wakapitishiana ndoo kutoka ziwani mpaka kwenye mfereji, mkono kwa mkono, ndoo 50, moja kwa kila jimbo la nchi yao. Matajiri wale, na ndoo! Nilivyoona picha nikasema kumbe ndoo haina uzungu.

Sasa mtu ataniuliza, mzee, mamlaka ya hali ya hewa, TMA, si wanatoa utabiri wa masika na wa vuli kila msimu? Wanatoa, na mimi nausikiliza, na nawaomba msikilize, hasa miaka ya El Niño maana vuli ya 2023 mliona wenyewe ilivyokuja. Lakini utabiri ule unakuambia kinachokuja kutoka juu. Haukuambii ghala lako lina nini sasa hivi. TMA wakisema vuli itakuwa chini ya wastani, kwa kijiji chenye chemchemi iliyoanza na lita 5.5 hiyo ni habari ya kujiandaa, kwa kijiji kilichoanza na 3.8 hiyo ni hatari. Maneno yale yale ya redio, vijiji viwili tofauti. Ukiweka vyote viwili pamoja, cha juu na cha chini, ndipo unakuwa na utabiri wa maji, tofauti na utabiri wa mvua. Hivi ni vitu viwili na tunavichanganya kila mwaka.

Na mto usikudanganye. Masika mto Kikuletwa unanguruma, mtu anasema maji mengi mwaka huu, lakini yale ni maji ya haraka, yamepita juu ya ardhi, yanaenda zake na udongo wetu. Kiangazi mto ule sehemu kubwa ni chemchemi tupu. Kwa hiyo anayepima chemchemi Hai na Moshi vijijini anapima pia, bila kujua, kitakachoingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka pale maji yanageuza mitambo ya umeme, megawati 8 pale pale bwawani, 21 kule Hale, 68 kule Pangani mpya, halafu yanaingia baharini Pangani. Balbu ya mtu wa Korogwe ina kipande cha hili jicho lako la maji. Wenzetu wa bodi ya maji ya bonde wanapima mito, sawa, lakini hawawezi kukaa kwenye kila chemchemi, ziko nyingi mno. Sisi ndio tunaokaa.

Mitego, harakaharaka. Wa kwanza, mkihamisha bati msilinganishe namba za zamani na mpya kama vile ni kitu kimoja, andikeni tarehe ya kuhama kwa wino mwekundu. Wa pili, mkipima, pimeni kabla maji hayajachukuliwa na mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, wa mtu yeyote, la sivyo mnapima tabia ya jirani sio tabia ya mlima. Wa tatu, chemchemi inayochafuka na kupanda saa chache baada ya mvua ni ya juu juu, ghala lake dogo, kumbukumbu yake fupi, msiiamini kwa utabiri wa miezi minne. Ile inayobaki safi na baridi ile ile, mvua jua, hiyo ndiyo mwalimu.

Wa nne nitakaa nao kidogo. Nimesema chemchemi inashuka kwa utaratibu. Ukichora kwenye ile karatasi ya grafu ya logi, mwalimu wa hesabu wa sekondari anayo, unapata karibu mstari ulionyooka. Sasa siku mstari ukivunjika ghafla katikati ya kiangazi, wiki iliyopita 3.6 wiki hii 2.9, usimsingizie Mungu na usimsingizie tabianchi. Vaa viatu upande juu ukaangalie. Kuna mtu amechimba kisima cha mashine, au amefungua mfongo mpya usiku, au amesafisha shamba mpaka kwenye jicho wakati sheria ya mazingira ya 2004 imesema mita 60. Bila namba mkimfuata atawaambia ni ukame, nchi nzima kuna ukame. Ukiwa na grafu anakosa la kusema, maana ukame haushuki kwa wiki moja. Meku mmoja, yaani mzee wa Kichaga, aliniambia zamani mifongo ilikuwa na wazee wake, kila mmoja alijua siku yake na saa yake ya kufungua, ukiiba maji unatozwa mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mfumo ule ulikuwa mzuri lakini ulikuwa na watu wachache na maji mengi. Sasa tumejaa, mbege haitoshi, tunahitaji daftari.

Na daftari bila uamuzi ni mapambo. Hapa nawagombeza kidogo. Nimeona jumuiya zinapima vizuri miaka miwili, namba ziko ukutani ofisini na rangi rangi, kiangazi kinafika wanafanya yale yale. Andikeni kwenye mkutano, sasa hivi wakati hakuna mwenye kiu, kwamba chemchemi ikifika lita 4, vitalu vya mboga havimwagiliwi kwa maji ya bomba. Ikifika 3 na nusu, magati, yaani vituo vya kuchotea maji, yanafungwa usiku tangi lijae, na fundi anapita kwenye mabomba yote kutafuta yanapovuja kabla hatujamnyima mtu ndoo. Ikifika 3, mgao kwa zamu, shule na zahanati kwanza. Namba ikifika, hakuna kikao tena, kikao kilishafanyika. Mkiacha ijadiliwe siku yenyewe, atashinda mwenye sauti kubwa na shamba kubwa.

Maswali yalikuwa mengi, niweke mawili. Mama mmoja aliuliza kama akianza mwaka huu atapata faida lini, au ni mpaka miaka kumi kama wataalamu wanavyopenda kusema. Nikamwambia mama, mwaka wa kwanza unapata mteremko wako, na hata huo mwaka wa kwanza wenyewe ukishapima mwezi wa sita na wa saba unaweza kuona mwezi wa tisa. Miaka mitano unajua masika ya namna gani yanakupa mwanzo wa namna gani. Miaka kumi unaanza kuwafundisha wataalamu.

Kijana wa pale mlangoni akauliza bati ni shilingi ngapi na nani analipa, swali zuri kuliko yote. Kipande cha bati nene, saa mbili za fundi, mfuko wa simenti, rula ya chuma. Jumuiya nyingi hapa hazishindwi, tumeshachangia harusi zilizotugharimu zaidi ya hapo na ndoa hazikufika masika. Kicheko kikawa kikubwa, mwenyekiti akapiga meza.

Tukakubaliana Jumamosi saa 1 asubuhi tunafunga la kwanza, kwenye chanzo cha yule mama aliyechekwa. Atakayekuja aje na gamubuti na koleo, na rula nimeshanunua.